Tulale Mapema, Tuamke Alfajiri

Ndugu Waislamu, yako mambo tunayoyaona madogo kwa kuwa twayafanya kila siku, na hali ndani yake mna afya ya mtu au udhaifu wake. Mojawapo ni saa tunayolala.

Chuoni kwangu, hapa Nguvumali, palikuwa na mtoto wa miaka kumi aliyekuwa akisinzia kila asubuhi mbele ya msahafu. Nilimwita mvivu mbele ya wenziwe, na siku moja nikampiga. Mama yake alipokuja hakunilaumu; alisema tu, "Maalim, kwetu hatulali kabla ya saa tano. Televisheni haizimwi, na baba yake huwa na wageni." Niliona haya, kwani nimemwadhibu mtoto kwa kosa la watu wazima.

Na tufanye hesabu. Tanga i karibu na ikweta, kwa hivyo usiku wetu haurefuki wala haufupiki sana mwaka mzima. Isha huingia karibu na saa mbili, na Alfajiri karibu na saa kumi na moja. Baina yake mna kiasi cha saa 9. Wataalamu wa usingizi wasema kuwa mtoto wa miaka 6 mpaka 12 ahitaji saa 9 mpaka 12 kwa siku, kijana wa miaka 13 mpaka 18 saa 8 mpaka 10, na mtu mzima si chini ya saa 7. Basi mtoto alalaye saa tano, akaamshwa saa kumi na moja, amepata saa 6 tu. Amepungukiwa na saa 3, na kwa juma moja ni saa 21. Hasara hii haiishii kwenye kusinzia, kwa maana usingizini ndimo ubongo unamothibitisha yale aliyoyahifadhi mchana.

Wezi wa usingizi ni wawili wanaojulikana. Wa kwanza ni mwanga: taa kali, na khasa simu iliyo karibu na macho, huuchelewesha mwili kujua kuwa usiku umeingia. Wa pili ni kahawa ya barazani na chai ya rangi. Nusu ya nguvu ya kahawa yaweza kubaki mwilini hata baada ya saa 5.

Dini yetu ilikwisha kutuonya. Imam Bukhari amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Wanavyuoni wamevua mazungumzo ya ilimu, ya mgeni, na ya mtu na ahli zake. Hawakuvua upuuzi wa kila usiku. Tena tunayo kailula ya adhuhuri, ambayo kwa mtoto hufidia kilichopungua usiku.

Enyi wazazi, jambo hili laanza kwetu. Baba akiswali Isha, na azime televisheni, aweke simu mbali na kitanda, na kahawa aiache Alasiri. Mtoto hawezi kulala katika nyumba iliyo macho.

Nami nilimtaka radhi yule mtoto. Sasa, mwanafunzi akisinzia, kwanza humwuliza amelala saa ngapi.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.