Jiwe Lililokwenda Moshi Likarudi

Niliporudi Musonoi, hapa Kolwezi, kutoka Mikindani niliulizwa maswali mawili tu. La kwanza: mizimu ya Wajerumani haikukusumbua? La pili: chumba kilikuwa na televisheni? Mizimu sikuiona, televisheni sikuitafuta. Kilichoninyima usingizi kilikuwa ukuta, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari zake.

Msomaji wa Kongo akisikia "Boma" hufikiria mji ule wa karibu na mlango wa mto, uliokuwa makao makuu enzi za Leopold. Silo hilo. Pwani ya Tanzania boma ni ngome ya serikali, na Boma la Mikindani lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895: jengo jeupe lenye mnara, limekaa mlimani juu ya mji mdogo, kilomita kama 10 kutoka Mtwara, likitazama ghuba. Mwaka 1866 Livingstone alianzia pande hizo safari yake ya mwisho, ile iliyomfikisha Nyangwe, kwenye Lualaba yetu, miaka 5 baadaye, naye akidhani huenda ameupata mto Nili. Kwa hiyo mtu wa Lualaba akilala Mikindani anarudisha ziara, ingawa kachelewa.

Waingereza walilirithi boma wakalifanya ofisi. Mtwara ilipojengewa bandari kwa ajili ya ule mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947, shughuli za serikali zikahamia huko, Mikindani ikasinzia. Jengo lilichakaa hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika moja la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilipolikarabati likawa hoteli ya vyumba vichache. Hoteli hiyo ilikusudiwa iwe darasa pia, vijana wa mji wajifunzie kazi humo humo.

Najua watakaosema kulala bomani ni kulala kwa mkoloni. Amri ilikuwa ya Mjerumani, sikatai. Lakini ujuzi wa ukuta haukutoka Berlin. Ukiwa barabarani kutoka Dar es Salaam kwenda Mtwara unapita upande wa Kilwa, na kule kisiwani yamelala magofu ya Husuni Kubwa, jumba la sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, la mawe ya matumbawe na chokaa. Mjerumani alikuja karibu miaka 600 baadaye, akakuta watu wa pwani wanajenga vile vile, naye akajenga kwa vitu hivyo hivyo.

Chokaa huku kwetu tunaijua kwa kuiona juu ya malori. Nyingine inatoka Kakontwe, pale Likasi, nyingine inavuka mpaka kutoka Zambia, na yote inaelekea viwandani kutuliza asidi iliyotumika kuyeyusha madini. Mtoto wa Kolwezi anajua kwamba unga ule mweupe ukimwingia jichoni atapelekwa hospitali. Ukimwambia kwamba unga huo ni jiwe lililo safarini, atadhani unamtania.

Safari yenyewe ni hii. Fundi wa pwani hupanga magogo duara, tabaka juu ya tabaka, kisha juu yake humwaga mawe ya matumbawe yaliyovunjwavunjwa. Rundo hilo ndilo tanuu. Moto ukifika nyuzi 900 hivi, jiwe huanza kuachia hewa ya kaboni iliyofungwa ndani yake tangu matumbawe yalipokuwa hai baharini. Jiwe safi la kilo 100 hupoteza kilo 44. Karibu nusu ya jiwe imekwenda na moshi, lakini kipande kinachobaki kina umbo lile lile. Ukikinyanyua ndipo unashtuka, kwa maana mkono ulijiandaa kwa uzito ambao haupo tena. Hiyo ni chokaa kali. Imwagie maji: inachemka yenyewe bila moto, inapasuka, inakuwa unga. Mafundi husema sasa imezimwa. Halafu huachwa shimoni ilale wiki kadhaa, au miezi, na inavyozidi kulala ndivyo inavyozidi kulainika.

Hapo ndipo inapoanza tabia ninayoipenda. Chokaa iliyozimwa haigandi kama saruji, na wala kukauka kwake si kule kwa tope. Ukishaipaka ukutani, inaanza kuivuta hewani kaboni ile ile iliyofukuzwa tanuuni, na kidogo kidogo inarudi kuwa jiwe. Ni jiwe la aina ile ile lililoingia motoni, hesabu ya kemia inalingana. Saruji hunywa maji yake ikawa ngumu ndani ya siku 28. Chokaa haina haraka hiyo. Inaanzia nje ikielekea ndani, milimita kwa milimita, na katika ukuta mnene moyo unaweza kusubiri miaka mingi kabla hewa haijaufikia.

Kusubiri huko kuna faida. Ukuta ukipata ufa mwembamba, maji ya mvua hupenya, huyeyusha chokaa kidogo ambayo bado haijageuka, huibeba hadi kwenye ufa, na humo hewa huikuta na kuigeuza jiwe. Ufa unajiziba. Polepole mno, na si ufa wa kuingia kidole, lakini unajiziba. Na hewa inayofanya kazi hiyo ni pamoja na ile tunayoitoa puani. Mgeni anayekoroma ndani ya chumba kilichopakwa chokaa juzi anasaidia ujenzi, na hakuna anayempunguzia bei.

Nilifika saa 8 mchana, shati limeganda mgongoni. Kabla ya kuuliza ufunguo niliweka kiganja ukutani, upande wa ndani, nikahisi baridi ya mtungi. Dirisha lilikuwa na kina cha mtu kukaa ndani yake na magoti yake. Nikakaa humo nikitazama ghuba mpaka jua lilipozama. Saa 4 usiku niliugusa tena ukuta. Ulikuwa vuguvugu. Ukuta wa nusu mita huchelewesha joto kwa saa 10 au zaidi. Jua lililokuwa likichoma upande wa nje mchana ndilo lilikuwa linawasili chumbani, kama mgeni aliyechelewa basi. Basi nikalala madirisha wazi, upepo wa bahari ukipita juu ya chandarua, nikiwa nimeshikilia ukuta kama mtu anayempima homa mgonjwa.

Na hapa nitasema neno litakalowaudhi ndugu zangu wa pwani: ukuta ule uko mahali pasipouhitaji sana. Mikindani mchana na usiku hupishana kwa nyuzi chache, kwa hiyo upepo unafanya kazi kubwa kuliko unene. Njoo Kolwezi, zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, mwezi wa Julai. Saa 8 mchana unavua koti, alfajiri unalitafuta pamoja na mbabula wa makaa. Ukuta unaolala na joto la mchana halafu ukaliachia usiku ungetufaa sisi kabla ya mtu yeyote. Sisi tunajenga nini? Bloku za saruji za sentimita 15, zina matundu katikati, juu bati tupu bila dari. Mchana ni sufuria, usiku ni friji, na mwenye nyumba anasema amejenga kisasa.

Nyumba za zamani za kambi hazikuwa hivyo. Union Minière, ambayo mali yake ilitaifishwa mwaka 1967 na kuwa kampuni tunayoiita leo Gécamines, ilijengea wafanyakazi kwa matofali ya kuchoma, na kuta zake zilikuwa na heshima. Sisemi kila nyumba ya kambi ni kasri, wala siwalilii mabwana wale. Nasema tofali ni tofali. Lakini tunayoyaona ni haya: mashimo ya migodi yanasogea, na katika Cité Gécamines nyumba zimevunjwa kupisha shaba na kobalti. Zile ambazo shimo halijazifikia, wenyewe tunaziezua, tunang'oa milango, tunauza matofali moja moja kando ya barabara. Hispania, tangu mwaka 1928, dola inaendesha hoteli zake ziitwazo Parador, nyingine zimo ndani ya makasri na monasteri za kale. Hapa kwetu jengo la zamani likikosa mpangaji mwaka mmoja, wa pili ni kifusi.

Wala pwani hawajambo sana. Zanzibar, Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati ukarabati unaendelea, na watu wakafa. Jumba la namna hiyo halianguki kwa siku moja.

Asubuhi ya pili niliteremka mjini. Kwenye uchochoro mmoja nilimkuta fundi akibandua lipu ya saruji kwenye nyumba ya mawe, nyumba ya mtu, si ya serikali wala ya hoteli. Nilimwamkia, nikamwambia nimetoka Kongo kuja kutazama kuta. Akacheka, kisha akaona sitanii.

"Shika hapa, mzee," akasema, akaniongoza mkono nyuma ya gamba la saruji. Jiwe la matumbawe lilibomoka vidoleni kama sukari guru iliyovunda.

"Nani kafanya hivi?"

"Fundi mwenzangu, miaka ile. Alitaka kuikomesha nyumba isipige unyevu."

Kosa ni hilo, na linafanywa kila mahali kwa nia njema. Ukuta wa matumbawe hunywa maji kutoka ardhini, pamoja na chumvi. Ukipakwa chokaa, maji yanapanda, yanatokea usoni, yanakwenda na upepo; lipu inachakaa, unaipaka upya, gharama ni ndoo na brashi. Ukipakwa saruji, maji hayana pa kutokea. Yanakaa nyuma ya gamba, chumvi inaganda ndani ya vitundu vya jiwe, inatanuka, inalipasua kutoka tumboni. Kwa nje nyumba inang'aa. Siku gamba linapodondoka, nyuma yake hakuna ukuta, kuna unga. Watu husema nyumba za kale ni dhaifu, zimekula umri. Zimevalishwa koti la mpira juani, ndivyo ilivyokuwa.

Fundi aliniruhusu kuokota makombo mawili: moja la lipu ya zamani iliyokuwa imelala chini, la chokaa, la tangu kabla ya saruji, la pili la kiraka alichokipaka yeye mwenyewe wiki iliyotangulia. Nikayafunga kila moja na karatasi yake. Njiani, Tunduma hadi Kasumbalesa, nilikaa nayo mfukoni, na mpakani mtu mmoja aliyageuzageuza akiuliza ni madini gani. Nikamwambia ni nyumba.

 

Shemeji yangu ni mtu wa maabara. Jumapili nilipompelekea makombo yangu alinitazama kwa huruma.

"Shemeji, umetoka na mawe baharini ukayaleta katika nchi ya mawe?"

Lakini alikuwa na kichupa cha fenoftaleini, dawa ile ambayo wao hudondosha kujua kama kitu kina ukali wa magadi. Chokaa ambayo bado haijavuta hewa huigeuza rangi ya waridi. Iliyokwisha kuwa jiwe haiigeuzi kitu. Tulilivunja kwanza kombo la kiraka kipya, akadondosha tone. Ukingoni kulibaki mstari mweupe, mwembamba kama ukucha, na sehemu nyingine yote iliyobaki ikaiva waridi mbele ya macho yetu, mpaka watoto wakaja kuangalia.

Halafu tukalivunja la zamani. Akadondosha tone, tukangoja. Akadondosha la pili, safari hii katikati kabisa. Tone lilikaa juu yake jeupe, safi kama maji, likazama.

"Hii imekufa," akasema.

"Imefika," nikamwambia.

Akafunga kichupa, akauliza vyumba vya kule ni bei gani.