Kitabu Kiwapo Ndicho Mwalimu: Kujifunza Kutengeneza Kurasa za Tovuti



Huenda mzazi aliye Kerende, au ng'ambo ya mto Mara upande wa Serengeti, ameombwa na mwanawe fedha za kununua kompyuta iliyokwisha kutumika, pamoja na kitabu kimoja kinene. Mwana asema ataka kujifunza kutengeneza kurasa za tovuti. Mzazi akiuliza, "Mwalimu wako ni nani?" hujibiwa, "Kitabu ndicho mwalimu." Jibu hili huwatia wengi mashaka, wala hatuwalaumu, maana fedha hizo huweza kuwa bei ya ng'ombe, na ng'ombe akiisha kuuzwa harudi zizini. Basi twapenda kueleza mwezi huu kitabu cha namna hii kinaweza kufanya nini, na kipi hakiwezi.

Vitabu hivi vi vingi. Mashuhuri ni vile viitwavyo Classroom in a Book, na kimojawapo huifundisha programu ya Dreamweaver, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1997 na kampuni ya Macromedia ya Marekani, kisha ikawa mali ya Adobe mwaka 2005. Kitabu hakimhubirii mwanafunzi, chamwamuru. Kila somo hutaja mwanzoni litachukua muda gani, humwonyesha ukurasa uliokwisha kukamilika, halafu humwambia hatua kwa hatua: fungua hiki, bonyeza pale, andika neno hili, hifadhi. Mwisho yako maswali, na majibu yake yapo papo hapo. Anayefahamu upesi huenda mbele, na anayekawia hurudia somo mara tatu pasipo kuchekwa na mtu.

Walakini kitabu peke yake hakitoshi, na jambo hili wengi hawaambiwi dukani. Masomo yahitaji mafaili ya mazoezi, yaani picha na maandishi ambayo mwanafunzi atayapanga. Zamani mafaili hayo yalikuja katika sahani iliyobandikwa nyuma ya kitabu. Siku hizi hayana budi kuchukuliwa katika intaneti. Kwa hiyo mtu wa kijijini na aende Tarime mjini siku moja, achukue mafaili ya masomo yote kwa pamoja, ayatie katika flashi, na kurudi nayo nyumbani. Akiisha kuwa nayo, pamoja na programu ya kufanyia kazi, aweza kufanya mazoezi mengi pasipo intaneti kabisa, kwa kuwa ukurasa wa tovuti hutengenezwa kwanza ndani ya kompyuta, ndipo hupelekwa hadharani.

Sasa tuseme habari ya folda, maana hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Kabla ya yote Dreamweaver hutaka iambiwe folda moja ambamo kazi yote itakaa. Mwanafunzi mwenye haraka huliona jambo hili kuwa la kipuuzi, akaliruka. Siku ya tatu aona picha zake zimetoweka! Hazikuibwa. Ukurasa haubebi picha tumboni mwake. Una maandishi tu yanayosema picha iko mahali fulani, kama mtu aelezaye njia ya kwenda kwa jirani. Ukiihamisha picha kwa mkono wako, njia ile yafika penye kiwanja kitupu. Tena liko kosa jingine lenye hila zaidi. Picha imeitwa "Ngombe.JPG" kwa herufi kubwa, na ndani ya ukurasa imeandikwa "ngombe.jpg" kwa herufi ndogo. Katika kompyuta ya Windows nyumbani picha huonekana vizuri, kwa sababu Windows hazibagui herufi hizo. Ukurasa ukipelekwa katika seva, ambazo nyingi hutumia Linux, herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili mbalimbali, na picha haionekani. Dawa yake ni kuandika majina yote kwa herufi ndogo, pasipo nafasi, tangu somo la kwanza.

Jambo lingine la kuangalia ni umri wa kitabu. Kitabu kilichoandikwa kwa toleo moja la programu humpoteza mtu mwenye toleo jingine. Aambiwa abonyeze kitufe ambacho kimehamishwa au kimeondolewa. Yafaa vilingane, hata vikiwa vya zamani vyote viwili. Na programu nazo hufa. FrontPage ya Microsoft ilipendwa sana, ikaachwa mwaka 2006. Adobe walikuwa na programu iitwayo Muse, iliyomwezesha mtu kupanga kurasa pasipo kujua alama zake hata moja. Msaada wake ulikoma mwaka 2020, na waliojua Muse tu walibaki mikono mitupu. Tena tangu mwaka 2013 matoleo mapya ya Dreamweaver hayauzwi mara moja yakaisha. Hulipiwa kodi, na kodi ikikoma mlango hufungwa. Nakala za wizi zipo, hatukatai, nazo mara nyingi huja na virusi.

Kisichokufa upesi ni zile alama zilizo chini ya programu. Mwingereza Tim Berners-Lee ndiye aliyezibuni alipokuwa akifanya kazi CERN, karibu na Geneva, na ukurasa wa kwanza aliouweka hadharani mwaka 1991 wafunguka hata leo. Herufi "p" ndani ya vimabano vyenye ncha huanzisha aya. "H1" huanzisha kichwa cha habari. Notepad, iliyo katika kompyuta za Windows, yatosha kuziandikia. Kwa hiyo kila somo likiisha, mwanafunzi na atazame maandishi ya alama ambayo programu imemwandikia, naye ajaribu kuyaandika kwa mkono wake. Kazi hii yachosha. Lakini asiyeifanya amejifunza vitufe vya kampuni moja tu.

Tena asitosheke na picha za kitabu. Wazee watakumbuka mradi wa UNESCO wa kisomo cha watu wazima ulioanza mwaka 1968 katika mikoa ya Ziwa, Mara ikiwamo. Vitabu vyake vilifundisha herufi kwa habari za pamba, uvuvi na mifugo, ili msomaji akutane na kazi aijuayo. Vivyo hivyo mwanafunzi wa Kerende na atengeneze ukurasa wa bei za mahindi mnadani, au wa fundi cherehani, au wa nyumba ya wageni ya Mugumu inayotafuta wasafiri waendao Serengeti. Na pale ambapo kitabu chaandika "en" kuonyesha kuwa lugha ni Kiingereza, yeye aandike "sw", ili programu zinazowasomea vipofu zijue kuwa maneno ni ya Kiswahili.

Kiingereza cha kitabu chaogofya kuliko kilivyo, maana maneno yale yale hurudi kila ukurasa. Daftari lenye maneno mia mbili na maana zake laweza kumvusha mtu.

Twarudi kwa wazazi. Kitabu hiki hakina kengele wala mahudhurio, na kwa sababu hiyo saa zake huliwa kwa urahisi. Kijana wa kiume akiketi mbele ya kompyuta, watu husema anasoma. Dada yake akiketi papo hapo, huitwa aende kisimani, kisha kuni, kisha mtoto alia. Somo la saa moja na nusu lililokatwa mara nne si somo. Ikiwa nyumba imetoa fedha kwa ajili ya binti, imempa nusu tu. Nusu ya pili ni saa mbili zilizo zake, na mtu mwingine aliyetajwa jina wa kubeba ndoo siku hiyo.

Na ukurasa wake wa kwanza ukiisha kutengenezwa, auonyeshe katika simu ndogo ya jirani, si katika kompyuta yake, kwa kuwa wengi watauona kwa simu. Vitabu vya zamani vilipima kurasa kwa upana wa kioo cha mezani. Akiona maneno yamekatika ukingoni, amejua kazi ya kesho asubuhi.