Chombo juu ya gadi hakijatupwa

Mgeni atokaye bara akifika Matondoni, kisiwani Lamu, wakati kusi imeshika, aghalabu hudhani kwamba vyombo avionavyo ufuoni vimekwisha kazi. La hasha! Baina ya Juni na Agosti bahari huchafuka, na nahodha mwenye busara hukipandisha chombo chake kwa maji ya bamvua, kisha akakiacha nchi kavu maji yatokapo.

Hapo ndipo ilipo sayansi ambayo ningependa kuiona madarasani. Uzito wa chombo hubebwa na mkuku, uliolazwa juu ya magogo. Gadi, yaani miti inayoegemezwa ubavuni, kazi yake ni kukizuia kisilale tu. Zikibebeshwa uzito, mbao za ubavu hubonyea na mataruma hupasuka. Mwalimu wa fizikia atafutaye mfano wa msawazo wa uzito ana haja gani ya kuchora meza ubaoni?

Adui mwingine ni mvua. Wengi hushangaa nisemapo kwamba maji ya chumvi huhifadhi mbao ilhali ya mvua huziozesha, lakini ndivyo. Kwa hiyo nguruzi huzibuliwa ili maji yatoke, na makuti huezekwa juu. Makuti hayo huzuia jua pia, kwani mbao zikikauka mno huachana, pamba ya kalafati ikalegea. Huko Uswidi na Ufini wenye mashua huzipandisha kwa hofu ya baridi: maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9, na yakiwa ndani ya injini huweza kuipasua.

Kisha kalafati hutiwa upya, na chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, dhidi ya yule mdudu atoboaye mbao (ambaye, kwa hakika, si mdudu bali ni jamaa ya chaza).

Wanafunzi wengi niliowauliza maana ya gadi na nguruzi, hata wa Pwani, walinyamaza. Vyombo vya faiba vinaongezeka, navyo havihitaji pamba wala deheni. Msamiati huu utawafuata mafundi wake kaburini iwapo shule hazitaupokea. Nawasihi walimu wa Lamu, Mombasa na Kwale wawapeleke wanafunzi ufuoni msimu wa kusi ujao, madaftari mkononi, kabla gadi hazijaondolewa.