Mishipa ya Shingo Yaweza Kutoa Habari za Moyo

Kwa akina mama wengi wa Bariadi, Maswa na Meatu, ultrasaundi ni kipimo cha wajawazito. Lakini kipimo hicho huweza pia kuangalia mishipa mikubwa ya shingoni inayopeleka damu kwenye ubongo. Hakina sindano, hakina maumivu wala mionzi.

Kwa nini shingo, ilhali ugonjwa uko moyoni? Mafuta hujijenga katika mishipa ya mwili mzima. Mishipa ya moyo ni myembamba, imejificha nyuma ya mbavu na haitulii. Ya shingo iko karibu na ngozi. Daktari akiona mafuta yameganda humo, hushuku kuwa na ya moyo imeguswa.

Hata hivyo, shingo safi si hakikisho la moyo salama. Mwaka 2013 wataalamu wa moyo wa Marekani walishauri kuwa kupima unene wa kuta za mishipa hiyo kusiwe kipimo cha kawaida kwa kila mtu. Kwa hiyo, kabla ya kutumia fedha, anza na presha, sukari na mafuta ya damu. Acha sigara, punguza chumvi.

Na mzee wa nyumbani akibanwa na kifua, maumivu yakapanda taya au mkono, akatokwa jasho jembamba, msingoje ultrasaundi ya shingo. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.