Belenenses: Klabu ya Ureno iliyogawanyika mara mbili, mashabiki wakaifuata daraja la sita

Novemba 27, 2021, Benfica waliingia uwanjani kwa mechi ya Ligi Kuu ya Ureno wakakuta wapinzani wako tisa tu. Corona ilikuwa imeingia kambini na wachezaji wengi walikuwa karantini. Kati ya hao tisa, wawili walikuwa makipa, na mmoja alilazimika kucheza ndani kama mchezaji wa kawaida.

Hadi mapumziko ilikuwa 7-0. Kipindi cha pili wakarudi saba. Dakika chache baadaye mmoja akakaa chini, hawezi kuendelea, na mwamuzi akamaliza mpira kwa sababu kanuni hairuhusu timu kucheza na watu pungufu ya saba.

Habari ikazunguka dunia nzima, na vyombo vingi vikaandika kwamba Belenenses wamefedheheka. Kumbe klabu ya Belenenses haikucheza mechi ile. Wakati huo timu yake ilikuwa daraja la nne, ikihangaika na safari zake za mchangani. Waliofungwa na Benfica walikuwa kampuni iliyowahi kuwa sehemu yake.

Ili kuelewa ilikuwaje, lazima turudi nyuma kidogo.

Vijana wa Belém

Belenenses maana yake ni watu wa Belém, mtaa wa Lisbon ulio kando ya mto Tejo. Ndipo alipoondokea Vasco da Gama mwaka 1497, safari iliyomfikisha Mombasa na Malindi mwaka uliofuata. Msalaba mwekundu ulio kwenye nembo ya klabu ni ule ule wa matanga ya meli za Wareno wa enzi hizo.

Klabu ilianzishwa Septemba 1919 na Artur José Pereira, mchezaji aliyekuwa amepita Benfica na Sporting, akataka mtaa wake nao uwe na timu yake. Jezi ni ya bluu.

Staa wa kwanza mkubwa alikuwa kijana wa hapo hapo mtaani, José Manuel Soares, aliyejulikana kama Pepe. Alicheza Olimpiki ya 1928 akiwa na timu ya taifa. Mwaka 1931 akafa kwa sumu iliyoingia kwenye chakula, akiwa na miaka 23 tu. Klabu ikamjengea mnara, na FC Porto walijiwekea desturi ya kuweka maua pale kila wanapokwenda kucheza. Kwa soka la Ureno, ambako mahasimu hawapendani hata kidogo, hilo si jambo dogo.

Ubingwa wa 1946

Ligi ya Ureno ni ya watatu: Benfica, Porto na Sporting. Nje ya hao, ni klabu mbili tu zilizowahi kuchukua ubingwa. Boavista mwaka 2001, na Belenenses mwaka 1946, walipoizidi Benfica kwa pointi moja.

Jina lilikuwa kubwa kweli. Desemba 1947 Real Madrid walipofungua uwanja wao mpya, ambao leo ni Santiago Bernabéu, wageni walioalikwa kucheza mechi ya ufunguzi walikuwa Belenenses. Walifungwa 3-1.

Kisha akaja Matateu. Jina lake kamili ni Sebastião Lucas da Fonseca, kutoka Lourenço Marques, jiji ambalo sasa ni Maputo, Msumbiji. Alitua Lisbon mwaka 1951, karibu miaka kumi kabla ya Eusébio kufuata njia hiyo hiyo, na akawa mfungaji bora wa ligi mara mbili. Mdogo wake, Vicente, naye akaja. Ndiye aliyepewa kazi ya kumkaba Pelé Ureno ilipoitoa Brazil kwa 3-1 Kombe la Dunia la 1966.

Msimu wa 1954-55 ubingwa wa pili ulikuwa mkononi. Siku ya mwisho, nyumbani, wakiwa mbele dhidi ya Sporting, walihitaji tu kumaliza dakika chache zilizobaki. Sporting wakasawazisha, 2-2. Belenenses wakalingana pointi na Benfica, na kombe likaenda Benfica. Hawajawahi kulikaribia namna ile tena.

Mwaka uliofuata walihamia Restelo, uwanja uliojengwa mlimani juu ya Belém, ukitazama mto. Baada ya hapo klabu ikaanza kupungua taratibu. Mwaka 1982 ikashuka daraja kwa mara ya kwanza. Ilizinduka kidogo mwishoni mwa miaka ya 80: ikawang'oa Bayer Leverkusen, waliokuwa mabingwa watetezi wa Kombe la UEFA, na mwaka 1989 ikaifunga Benfica 2-1 fainali ya Kombe la Ureno. Ndilo taji kubwa la mwisho.

Mwekezaji anaingia

Ureno, klabu za kulipwa huendesha timu ya kwanza kupitia kampuni ya hisa ya michezo, kwa kifupi SAD. Klabu inabaki na wanachama, uwanja na historia. SAD inabeba wachezaji, mikataba na nafasi ya kucheza ligi. Wanaofuatilia mjadala wa hisa 51 kwa 49 pale Simba na Yanga watashika haraka shida iko wapi.

Mwaka 2012, madeni yakiwa shingoni, asilimia 51 ya SAD ya Belenenses ikauzwa kwa kampuni ya Codecity, chini ya Rui Pedro Soares. Uwanjani mambo hayakuwa mabaya. Timu ilirudi Ligi Kuu, na mwaka 2015 ikacheza makundi ya Europa League.

Ila pande mbili hazikuelewana tena: nani ana sauti, nani amlipe nani, na kama klabu bado ina haki ya kuzinunua hisa zake. Kesi juu ya kesi. Juni 30, 2018, makubaliano kati yao yakaisha na hayakusainiwa mengine.

SAD ikaondoka na wachezaji na nafasi yake Ligi Kuu, ikaenda kucheza Jamor kwenye Uwanja wa Taifa, mbele ya viti vilivyojaa upepo. Baadaye mahakama ikaizuia kutumia nembo na jina la klabu. Ikabaki inaitwa B-SAD, jina ambalo ni gumu hata kuliimba jukwaani.

Klabu ilibaki na Restelo, msalaba na wanachama, bila timu. Ikasajili mpya na kuanza chini kabisa, daraja la tatu la mkoa wa Lisbon, ambalo ni la sita kitaifa. Mashabiki waliowahi kuiona ikicheza Ulaya wakawa wanasafiri kwenda viwanja vya vitongoji.

Ikapanda misimu mitano mfululizo.

Mwaka 2023 njia zikapishana. Belenenses walipanda kutoka daraja la tatu kwenda la pili, na mwaka huo huo B-SAD, walioshuka Ligi Kuu mwaka mmoja nyuma, wakashuka tena kutoka hilo la pili. Tangu hapo jina la B-SAD halijaonekana tena kwenye soka la kulipwa.

Restelo nako haikuwa mteremko. Msimu wa 2023-24 Belenenses walizidiwa, wakarudi daraja la tatu, yaani Liga 3. Huko hakuna Benfica wala Porto, na maua ya Pepe sasa yanawekwa na wenyeji.