Tarakilishi Ndogo Isiyoamka: Dalili Zake na Hatari ya Kufuta Kadi

Mintarafu ya istilahi za tarakilishi, Kiswahili kimepiga hatua. Mnamo 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na mtumiaji akaweza kufungua na kuhifadhi kazi yake kwa lugha yake. Hata hivyo, istilahi hizo hufaa baada ya skrini kuonyesha kitu. Yanayotendeka kabla ya hapo, pindi umeme unapoingia, aghalabu hufumbatwa katika kauli moja: "Imekufa." Kauli hiyo ina hasara yake.

Chukulia mwanafunzi anayeishi Magongo, katika bara la Mombasa, aliyehifadhi rekodi za mahojiano yake na malenga katika tarakilishi ya bodi moja aina ya Raspberry Pi. Umeme unapotea usiku. Ukirudi, skrini inabaki nyeusi. Yamkini atashauriwa kadi ifutwe na mfumo wa Linux uandikwe upya. Ushauri huo utaiamsha tarakilishi, lakini utazizika rekodi.

Bodi hizi, zilizoanza kuuzwa Februari 2012, kwa kawaida hutegemea kadi ndogo ya kumbukumbu badala ya diski. Uamshaji wake ni wa kupokezana. Anayepita mitaani kuamsha watu kwa daku sharti naye awe ameamshwa. Vivyo hivyo, maagizo machache yaliyochomwa ndani ya chipu, yasiyofutika, huamka kwanza na kutafuta faili ya bootcode.bin katika sehemu ya kwanza ya kadi. Faili hiyo huita start.elf, ambayo husoma config.txt, hupakia kiini cha Linux na kukiachia usukani. Programu hizi za katikati ndizo ziitwazo butiloda. "Kiamshi" lingekuwa jina jema zaidi, wanaistilahi wakiridhia. Katika toleo la 4, la mwaka 2019, kazi ya bootcode.bin ilihamishiwa kwenye chipu ya kumbukumbu iliyo juu ya bodi yenyewe.

Kiungo kimoja kikikatika, vinavyofuata havipati habari. Kwa bahati njema, bodi hueleza ilipokwama. Katika matoleo mengi, taa nyekundu ikizimikazimika, umeme umeshuka chini ya kiwango. Waya mwembamba au chaja ya simu ndiyo ya kushukiwa kwanza, wala si kadi. Taa ya kijani ikimweka mara 4 kwa mfululizo, start.elf haikupatikana. Ikimweka mara 7, kiini cha Linux ndicho kilichokosekana. Mraba wa rangi za upinde wa mvua ukiganda kwenye skrini, kiamshi kimefanya kazi yake lakini kiini hakikuitika. Maandishi yakitiririka kisha yakakoma kwa kulalamika kwamba mfumo wa mafaili haupatikani, kosa huwa katika cmdline.txt au katika sehemu ya pili ya kadi.

Sehemu hiyo ya pili ndiyo yenye rekodi. Mafaili ya kuamsha yamo katika sehemu ya kwanza, na zinaweza kutengenezwa mbalimbali. Kwa hiyo kadi na itolewe, ipachikwe katika tarakilishi nyingine yenye Linux, na kabla ya lolote inakiliwe nzima kwa amri ya dd. Nakala ikiwa salama, sehemu zote mbili zikaguliwe kwa fsck zikiwa hazijafunguliwa kwa matumizi. Kuikagua sehemu inayotumika huweza kuiharibu zaidi. Faili ya kuamsha iliyopotea huchukuliwa kutoka mfumo wa toleo lile lile na kurejeshwa mahali pake.

Ikiwa tarakilishi ya pili nayo haiioni kadi, vigusio vyake vipanguswe kwa kitambaa kikavu na ijaribiwe tena. Isipoonekana bado, bodi ipewe kadi nyingine yenye mfumo mpya. Ikiamka, bodi haikuwa na kosa lolote, na ile kadi ya zamani ihifadhiwe kando bila kuandikwa chochote, hadi apatikane mtaalamu wa kuokoa data.