Manyani wa Adili wafika Mbagala

Kila usiku mtawala wa Janibu huchukua mjeledi, huingia chumbani walimofungwa manyani wawili, akawachapa mpaka walegee. Akishamaliza huutupa mjeledi, huwapangusa machozi, huwabembeleza na kuwalisha kwa mkono wake. Usiku wa pili, vivyo hivyo. Manyani hao ni ndugu zake wa damu.

Wasomaji wa rika langu hawana haja ya kutajiwa kitabu. Ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952, na wengi wetu tulikipitia kwa woga wa mtihani tukakisahau. Mimi nilikuwa nimekwenda Mbagala kufuatilia habari nyingine kabisa: simulizi za mapenzi na majini ambazo vijana wa sekondari wanazisoma kwenye simu. Unazijua. Kijana wa uswahilini anapendwa na binti wa kijini, wivu unaingia, damu inamwagika, na pale pa utamu hasa inakuja "itaendelea". Ukitaka kuendelea, tuma hela kwa namba ifuatayo. Nilidhani nitaandika makala ya kulalamika. Nikakutana na mwalimu mmoja wa Kiswahili, mama wa makamo, akaniharibia mpango.

Anafundisha katika sekondari ya kata, madarasa ya Kidato cha Pili na cha Tatu. Ameomba jina lake na la shule yasitajwe, na mbele kidogo utaona sababu. Siku ya Ijumaa, vipindi vikiisha, hubaki darasani na wanaotaka kubaki, akawasomea kwa sauti. Ana nakala tatu za Adili na Nduguze, moja haina jalada, nyingine imeshonwa kwa uzi mweusi wa cherehani. Wengine wanaosikiliza wamekaa juu ya madawati, wengine dirishani, na honi za daladala zinazokwenda Rangi Tatu zinaingia bila hodi.

"Vitabu vya mtihani vyote vinawafundisha, mwanangu," aliniambia. "Takadini anawafundisha. Watoto wa Mama Ntilie wanawafundisha. Ngoswe naye, pamoja na uzembe wake, anawafundisha. Watoto wamechoka kufundishwa. Nikasema ngoja nitafute jini."

Simulizi za kwenye simu hazidharau. Amezisoma, tena nyingi, kwa sababu alizikuta kwenye simu alizowanyang'anya wanafunzi. Anasema zina mwendo. Mtoto ambaye hawezi kumaliza kurasa mbili za kitabu cha kiada anakesha na sehemu ya thelathini na saba. Kinachomkera ni kwamba ndani yake mapenzi hayamgharimu mtu kitu. Jini akipenda anatoa nyumba na gari, akichukia anaua, na msomaji hapati pa kusimama ajiulize yeye angefanya nini. Ndipo akakumbuka kwamba baba wa fasihi yetu naye alishaandika hadithi ya jini, mrembo na bahari.

Kwa aliyesahau: Adili, ndiye mtawala yule wa Janibu, anasafiri na ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Anafika kwenye mji ambao watu wake wamegeuka mawe, anamkuta msichana mmoja tu aliye hai, Mwelekevu, wanapendana. Nduguze wanamwonea choyo, wanamtosa baharini. Jini Huria, ambaye Adili aliwahi kumwokoa, anamnusuru, anawageuza wale wawili kuwa manyani na kumwamuru awachape kila usiku. Asipowachapa, atachapwa yeye.

Amri hiyo ndiyo iliyolisimamisha darasa la Mbagala. Mwalimu alikuwa amepanga waijadili kwa dakika chache kisha waende kwenye harusi ya mwishoni mwa hadithi. Hawakwenda. Kijana mmoja aliuliza, "Sasa huyu jamaa anawapenda au anawakomoa?" Msichana akamjibu kwamba anawapenda, ndiyo maana anawafuta machozi. Mwingine akadakia kuwa hata baba yake mdogo hufanya hivyo hivyo, anakupiga halafu anakununulia chipsi. Wakacheka. Kijana wa dirishani, ambaye mwalimu anasema huwa haongei, akasema taratibu, "Anaogopa yeye asichapwe. Kama mwalimu wa zamu tu."

"Hakuna aliyecheka," mwalimu aliniambia. "Na wiki ile mwalimu wa zamu nilikuwa mimi."

Sheria tunaijua, angalau kwenye karatasi. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vinavyotolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kila aliyesoma shule za kata za Temeke au Kinondoni anajua umbali uliopo kati ya karatasi hiyo na mstari wa asubuhi. Nilimuuliza mwalimu kama yeye bado anachapa. Alikaa kimya akikunja ncha ya khanga yake, kisha akasema, "Andika kwamba umeniuliza." Basi nimeandika.

Hapo ndipo nilipoona ubora wa kitabu hiki kwa kijana wa miaka kumi na tano, na si pale ninapouona ukitajwa kila siku, kwenye "maadili mema". Shaaban Robert amemchukua mtu mwema kupita wote, akamtia mjeledi mkononi, akamwacha alie na kuchapa usiku baada ya usiku. Hamwambii msomaji kama hilo ni sawa. Mfalme Rai wa Ughaibuni anapopata habari hashangilii adhabu, anaingilia kati na kuwaombea manyani wasamehewe. Kwa kitabu kinachosemwa kuwa ni mahubiri, hapo kimeacha mlango wazi kweli kweli.

Mwalimu ana siri nyingine aliyowafichulia wanafunzi wake, nao wakaipenda kuliko harusi. Kisa hiki kina mzee wake katika Alfu Lela Ulela: mtawala wa Basra, enzi za Haruni Rashidi, naye alikuwa na ndugu wawili waliomtosa, naye alikuwa akiwachapa kila usiku. Ila kule ndugu waligeuzwa mbwa, na waliporudishiwa utu wao walimfanyia uovu tena, wakaishia kuuawa. Shaaban Robert akakata tawi hilo. Hasidi na Mwivu wake wanatubu, wanasamehewa, wanarudi mezani. Darasa liligawanyika. Wavulana wengi walitaka wauawe. "Mtu amekutosa baharini kwa ajili ya demu wako, unamsamehe vipi?" Mwalimu aliwaacha wagombane mpaka mlinzi akaja kugonga geti.

Na kwa nini manyani, si mbwa? Mwandishi aliwahi kufanya kazi Idara ya Wanyama baada ya miaka mingi ya Forodha, na ufalme wa Rai umejaa mapenzi ya ndege, wanyama na mimea. Huenda ni hilo. Mwalimu ana jibu lake: nyani ana mikono na uso, unapomchapa anajikinga kama mtu. Wanafunzi walikuwa na majibu yao, na sikusikia lililowaridhisha wote.

Udhaifu wa kitabu upo, na wanafunzi wenyewe wameuona bila kusaidiwa. Majina yanamaliza hadithi kabla haijaanza: ukishaitwa Hasidi, ukurasa wa kwanza tu umeshahukumiwa. Sentensi nyingine ni ndefu na zimepambwa mno, mtoto wa Kidato cha Pili anafika mwisho amesahau mwanzo. Bila msomaji mzuri wa kwa sauti, wengi wangeishia njiani. Lakini lililowauma wasichana ni Mwelekevu. Adili ndiye anayemsimulia mfalme, kwa hiyo hata maneno ya Mwelekevu tunayasikia kupitia kinywa cha mwanaume. Amekaa peke yake kati ya mawe yaliyokuwa wazazi na jirani zake. Alikuwa anafikiri nini usiku? Msichana mmoja aliandika kurasa nne za daftari akijibu swali hilo. Nimezisoma. Mwelekevu wake anazungumza na sanamu ya mama yake kila asubuhi, anampa salamu, anamlalamikia bei ya mchele. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Nilimuuliza mwalimu kama kurasa zile zitampatia binti yule alama yoyote. Akanitazama kwa huruma. Mtihani wa Kidato cha Nne utamtaka ataje dhamira na tamathali za semi za vitabu vilivyo kwenye orodha, na Adili hayumo.

Mimi nasema kitabu hiki kinawafaa, pamoja na majina yake na sentensi zake, kwa sharti moja: mtu mzima aliyepo awe tayari kubishiwa. Akisomewa mtoto kama hotuba, atarudi kwenye simu, na hatakuwa na makosa.

Mwalimu anahitaji nakala zaidi, maana wanaobaki Ijumaa wameongezeka na tatu hazitoshi. Kama ya kwako imelala kabatini tangu ulipomaliza shule, iwe Tandika, Mwananyamala au Mbezi, ipeleke sekondari ya kata iliyo jirani yako, uikabidhi kwa mwalimu wa Kiswahili. Hata kama haina jalada.